Programu Haijui Kariakoo

Waliotengeneza programu za kuorodhesha gemu hawajawahi kutia mguu Kariakoo. Nasema hivi kwa uchungu, na anayebisha aje nyumbani nimwoneshe fomu zao. Swali la kwanza: bakodi iko wapi? La pili: boksi lipo? La tatu: kijitabu cha maelekezo kipo, na kama kipo, kimekunjika pembe? Sasa mimi nina CD iliyoandikwa kwa maka peni GTA ORIJINO, imelala ndani ya kava la DVD ya harusi ya shemeji yangu. Nianze kujibu lipi?

Nieleze kwanza nilichonacho, maana kuna watu wakisikia mtu ana mkusanyiko wanadhani ana jumba la makumbusho. Nina kabati la vioo. Lilinunuliwa kwa ajili ya vyombo vya wageni, na mwenye wazo hilo hajaacha kunikumbusha. Rafu ya chini kabisa kuna kaseti za zile mashine tulizochezea shule ya msingi, zilizoigwa kutoka Famicom ya Nintendo. Famicom yenyewe ilitoka Japani Julai 1983. Sisi ilitufikia kwa kuchelewa, ikiwa na sura nyingine, jina jingine, na bastola ya plastiki ndani ya boksi. Rafu ya katikati ni CD za PlayStation ya kwanza na ya pili, ambazo ndizo nyingi. Juu kuna za PS3 na PS4, chache, zilizonunuliwa kwa kujibana. Pembeni lipo boksi la viatu lenye memori kadi, pedi zilizofungwa seloteipu shingoni, na adapta ambazo hakuna aliye hai anayejua zilikuja na kitu gani.

Orodha naihitaji, na si kwa kujionesha. Kila likizo wapwa wanashuka kutoka Morogoro na Tanga, na kila wakiondoka kabati linabaki na mapengo. Shemeji akipita kusalimia hatoki mikono mitupu. Jirani anatuma mtoto: "Baba amesema umpe ile ya kupigana." Ipi? Za kupigana ziko nyingi. Mtoto hajui, baba yake hajui, nampa yoyote ili nirudi kwenye chai yangu, na CD hiyo ndiyo imekwenda.

Mpwa wangu mmoja, anayesoma chuo na aliyegeuza sebule yangu kuwa hosteli, ndiye aliyeleta habari za programu. "Mjomba, hii kazi ya dakika tano. Unaelekeza simu kwenye bakodi, vitu vinaingia vyenyewe." Vijana wa siku hizi wana imani kubwa na neno "vyenyewe". Nyumbani kwangu hakuna kilichowahi kuingia chenyewe isipokuwa panya na wageni.

Tuseme ukweli, bakodi si kitu cha kudharau. Juni 26, 1974, katika supamaketi moja ya mji wa Troy, Ohio, Marekani, pakiti ya bigijii ilipitishwa kwenye mashine ya kusoma ile mistari myeusi, na tangu siku hiyo maduka ya dunia yamejipanga nyuma yake. Programu kama CLZ Games ya Uholanzi na GAMEYE zimeegemea hapo hapo: kamera inasoma tarakimu, programu inachungulia hazina yake ya mtandaoni, inarudi na jina la gemu, picha ya jalada, mwaka na kampuni. Mtu wa Amsterdam aliyenunua gemu zake dukani, zikiwa na nailoni yake, anamaliza rafu nzima chai haijapoa.

Kwangu tulianza vizuri. Gemu za PS4 ziliitika moja baada ya nyingine, mpwa akawa ananitazama kwa jicho la "si nilikwambia". Tukashuka rafu ya katikati. Alipoelekeza kamera kwenye kava la harusi, programu ikawaza, ikazunguka, ikala bando, ikajibu kwamba haijaona kitu. Hata harusi haikuiona, na harusi ile ilikuwa na matarumbeta.

Ikatutaka tujaze kwa mkono, na fomu ikageuka afisa uhamiaji. Gemu ya mashine gani? Toleo la eneo gani: Amerika, Ulaya au Japani? Ulinunua wapi, kwa kiasi gani, tarehe gani? Mtaa wa Aggrey haumo kwenye orodha ya maeneo. Na tarehe nani anaikumbuka? Najua tu ilikuwa siku ya mshahara, kwa sababu jioni yake mshahara ulifika nyumbani ukiwa pungufu na ukahitaji maelezo.

Lile swali la eneo lilinikera mpaka nikalitafutia jibu, na jibu lipo. Diski ya PS2, hata iliyochomwa uchochoroni, ina faili dogo liitwalo SYSTEM.CNF. Itumbukize kwenye kompyuta yenye sehemu ya DVD, lifungue faili hilo kwa programu yoyote ya maandishi, na ndani utakuta mstari wenye namba ya utambulisho wa gemu. Herufi za mwanzo zinakwambia kwao ni wapi: SLUS ni ya Marekani, SLES ya Ulaya, SLPM ya Japani. Ile GTA ORIJINO ikafunguka: SLUS_209.46. Hiyo ni San Andreas ya mwaka 2004, toleo la Marekani. Maka peni inaandika inachotaka. Faili lile haliwezi kudanganya, maana ndilo linaloiambia mashine ianzie wapi kuisoma gemu. Likikosea, gemu haiwaki.

Nilinogewa. Nikazipitisha CD moja moja, nikiandika namba pembeni ya kila jina. Moja iliyoandikwa TEKEN ikajitambulisha kuwa mpira wa kikapu. Nyingine, iliyoandikwa MPYA bila neno jingine lolote, ilikuwa ya zamani kuliko kabati. Mama watoto akapita na beseni la nguo, akasimama, akataka kujua kwa nini naziangalia CD kwenye kompyuta badala ya kuzicheza.

"Natafuta asili yake," nikamjibu.

"Asili yake si ile siku nilikutuma mkate?"

Baada ya asili inakuja hali. Wenzetu wana madaraja: kuna tupu, yaani diski peke yake, kuna kamili, yaani na boksi na kijitabu, na kuna ile ambayo nailoni yake haijachanwa. Tovuti ya PriceCharting, inayofuatilia gemu zinauzwaje sokoni, inakupa bei kwa kufuata madaraja hayo, na tofauti zake zinaumiza roho. Julai 2021, kwenye mnada wa kampuni ya Heritage Auctions ya Dallas, Super Mario 64 isiyofunguliwa iliuzwa dola 1,560,000. Gemu ambayo hakuna aliyeicheza! Kumbe thamani iko katika kutoigusa. Kwa kipimo hicho, mimi na wapwa zangu tumeteketeza mabilioni ya shilingi kwa vidole vyetu wenyewe, tena tukishangilia.

Na madaraja yenyewe hayatoshi. Yetu yako wapi? "Inacheza ukiilaza mashine kichwa chini." "Inacheza ikishasuguliwa dawa ya meno." "Inakwama kabla ya bosi wa mwisho, lakini ukiitoa ukaipuliza inaendelea." Halafu ipo kaseti ya kupiga bata, ambayo haina kasoro hata moja, tatizo ni TV. Bastola yake ilitengenezwa kwa mwanga wa TV za chogo. Kwenye TV bapa bata wanapita salama na yule mbwa anakucheka raundi nzima. Hapo kwenye "hali" nijaze nini? Kaseti nzima, bastola nzima, dunia ndiyo imebadilika.

Ukishavuka hali unakutana na jina, na hapa hata mwenye boksi halali analia. Chukua mpira wa Konami. Gemu moja iliyoanza kuuzwa mwaka 2006 iliitwa Pro Evolution Soccer 6 kule Ulaya. Japani iliitwa Winning Eleven 10. Marekani ikaitwa Winning Eleven: Pro Evolution Soccer 2007. Gemu ni ile ile, ila ni ya sita, ya kumi na ya elfu mbili na saba kwa wakati mmoja. Ukizipanga kwa alfabeti, pacha wanakaa rafu mbili tofauti. Mwaka 2021 Konami wakaachana na majina yote hayo wakabaki na eFootball. Upande wa pili, EA waliokuwa wakitumia jina la FIFA tangu 1993 nao wakaliacha, na mwaka 2023 ikatoka EA Sports FC 24. Sasa hiyo 24 niiweke jirani na FIFA 23 au niipeleke kwenye herufi E, ikae na eFootball, mahasimu uso kwa uso?

Kwa shida ya majina, msaada upo. MobyGames, tovuti iliyoanza mwaka 1999, inaonesha majina ambayo gemu moja imepewa huku na huko, ukaona kumbe ulizonazo ni mbili na si tatu. Lakini hata wao sidhani kama wana jibu la CD yangu iliyoandikwa PES SIMBA NA YANGA. Ndani yake ni PES ya zamani ambayo fundi mmoja wa mjini amewavisha Wabrazili jezi nyekundu na Waholanzi jezi za njano na kijani. Safu ya mwaka niandike upi: wa gemu, wa jezi au wa fundi? Na safu ya mtengenezaji nimwandike nani, wakati fundi mwenyewe ameshahamia kutengeneza simu?

Halafu ipo kaseti ya 9999-in-1. Niiandike mara moja au mara 9,999? Nikiifuata lebo, hakuna mwenye gemu nyingi kunizidi wilaya nzima ya Temeke. Nikiifuata menyu, utakuta Contra, ukurasa unaofuata Contra inayoanzia hatua ya pili, mbele kidogo Contra yenye roho thelathini, kisha vifaru, sarakasi, Mario, na mzunguko unaanza upya kwa majina ya kubuni. Ukichuja, zinabaki za kuhesabu kwa vidole vya mikono na miguu. Mpwa akashauri tuandike "mbalimbali" tuendelee. Nikakataa. Stoo yoyote ambayo kitabu chake kina neno "mbalimbali", jua imeshaibiwa.

Ndipo akaja na mpango wa pili: jedwali la kompyuta. Hilo halikuhoji, safu unazitunga mwenyewe, na mistari ni 1,048,576, inatosha hata ukiamua kuiamini lebo ya ile kaseti. Niliridhika kwa muda. Kumbe jedwali nalo lina akili zake. Ukiandika bakodi inayoanza na sifuri, sifuri inakatwa, eti ya mbele haina kazi. Bakodi ya tarakimu 13 inageuzwa hesabu ya maabara: tarakimu chache, herufi E, alama ya kujumlisha, kumi na mbili. Kwenye safu ya jina la kifupi niliandika 007, ikabaki 7. James Bond mzima akageuka winga wa kulia.

Katika kilio hiki niko na watu wazito. Wataalamu wa jeni za binadamu walikuwa na jeni zenye majina kama MARCH1 na SEPT1, na majedwali yakawa yanazigeuza tarehe, Machi mosi na Septemba mosi, ndani ya ripoti za utafiti. Kufikia mwaka 2020, kamati inayosimamia majina hayo ilikuwa imeshazibatiza upya: MARCHF1, SEPTIN1. Yaani imeonekana ni nafuu kubadilisha jina la kitu kilichomo mwilini mwa kila binadamu kuliko kulielewesha jedwali. Kwa asiye na kamati, dawa ni hii: safu ya namba ipange kuwa ya maandishi kabla hujaanza kuandika. Ukikumbuka baadaye, sifuri zimeshakwenda na hazirudi.

Nikamwendea binamu yangu, ambaye ni mkutubi. Hawa watu wanatumia namba za Melvil Dewey, aliyechapisha mfumo wake mwaka 1876, nikajua hapa nimefika. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa upole, akasema:

"Kaka, hizo zote ni 794.8."

Zote? "Michezo ya kielektroniki, 794.8." San Andreas? 794.8. Ya bata? 794.8. Nikamkumbusha kwamba mpira wa miguu una namba yake, 796.334, hivyo angalau zile za mpira zingepata rafu yao. "Ule ni wa kukimbia, kaka," akasema. "Wako ni wa kukaa." Nikaaga.

Mpwa naye ana mkusanyiko wake, ambao kabati haliuoni kwa sababu uko hewani. Kwa watu wa aina yake ipo Playnite, programu ya bure ya kompyuta za Windows, inayozikusanya gemu zako za Steam, GOG, Epic na kwingineko ikakuonesha zote mahali pamoja. Ni nzuri, nakiri. Lakini orodha ya vitu vya hewani ina shida moja: mwenye hewa akiamua. Machi 31, 2024 Ubisoft wa Ufaransa walizima seva za The Crew, gemu yao ya magari ya mwaka 2014, na walioinunua wakabaki na jina kwenye orodha. Mwaka huo huo jimbo la California likapitisha sheria ya kuwabana wauzaji wa mtandaoni waseme wazi kwamba mnunuzi anapewa ruhusa ya kutumia tu. Mpwa anazicheka CD zangu za uchochoroni. Nami namwambia hivi: zina mikwaruzo, lakini hakuna mtu aliyeko Ufaransa anayeweza kuzizima.

Zipo pia programu zisizojali una nini. Zinajali umemaliza nini. Backloggd inakutaka useme unaicheza, umeimaliza au umeitelekeza. Hali yangu mimi haimo: anaicheza mtoto, nasubiri zamu. HowLongToBeat inakwambia San Andreas inataka zaidi ya saa 30 kuimaliza. Saa 30 za nani? Za mtu ambaye umeme wake haukatiki, hatumwi dukani, na memori kadi yake ya MB 8 haijafutwa na mpwa aliyetafuta nafasi ya kuhifadhi mpira. Kwa maisha yangu, saa 30 ni mradi wa kustaafia.

Suluhisho lilitoka kwa mtu ambaye hajawahi kushika pedi. Mama watoto ni katibu wa kikoba. Jumapili wanakikoba wanakusanyika barazani kwetu, sanduku la chuma linawekwa katikati ya mkeka na kufuli zake tatu, funguo ziko kwa wanawake watatu tofauti, na pembeni ya sanduku kuna kaunta buku ya kwaya tatu iliyofunikwa gazeti. Hakuna simu, hakuna bando. Mtu anataja jina, katibu anafungua ukurasa, anajua anadaiwa shilingi ngapi, tangu lini, na mdhamini wake nani. Mimi nilikuwa mlangoni na karatasi za jedwali langu, nalalamika kwa sauti iliyozidi kidogo.

"Shemeji ana tatizo gani leo?" mmoja akauliza.

Mama watoto akaichukua ile orodha, akaipitisha jicho kwa utulivu wa mtu aliyezoea vitabu vya fedha. "Hapa umeandika unazo. Ziko wapi?"

Nikaanza kutaja. Ile iko kwa shemeji. Hizi mbili ziko Tanga. Hii aliazima mtoto wa jirani, sikumbuki jirani yupi. Hii alikuja nayo mtu, akaondoka nayo mwingine.

"Baba Zawadi," akasema, akinirudishia karatasi zangu, "wewe huna mkusanyiko. Una mikopo chechefu."

Baraza zima likaangua kicheko, mwenye ufunguo wa pili akapiga makofi. Ningekasirika, isipokuwa mama watoto alikuwa amesema kweli. Programu nyingi nilizojaribu zinauliza hasa mambo mawili: una nini, na kina thamani gani. Hayo ni maswali ya mtu anayeishi peke yake na kabati lake, na huko zilikotengenezwa yanafaa. Huku kwetu gemu haikai rafuni. Inapanda basi kwenda Tanga, inalala kwa jirani, inarudi na kava la wimbo wa injili. Ninachoulizwa kila siku, na ninachojiuliza mwenyewe, ni iko wapi na nani kaichukua. Hilo ndilo swali langu, na chombo ningepaswa kukitafuta kwa kufuata hilo, si kwa uzuri wa picha za majalada.

Jioni ile ile mama watoto akanichorea kaunta buku mpya kwa rula. Safu tano: tarehe, jina la gemu kama lilivyoandikwa juu yake, aliyechukua, sahihi, tarehe ya kurudi. Nikamwuliza, na safu ya hali je? "Ikirudi, hali yake ni nzuri." Na eneo? "Eneo ni kwa aliyeichukua." Akaongeza kanuni mbili kwenye jalada la ndani: bila sahihi hakuna CD, na anayechelewesha anatozwa faini ya kilo moja ya unga. Kuhusu nani anakula huo unga hakukuwa na mjadala.

Mtoto wa jirani alipokuja kuulizia ile ya kupigana, akarudishwa: baba aje mwenyewe. Baba akaja, uso umekunjwa. "Jirani, umekuwa benki siku hizi?" Nikamfungulia ukurasa, nikampa kalamu. Akatazama kalamu, akanitazama mimi, akachungulia ndani, akamwona katibu. Mkewe ni mwanakikoba na ana mkopo wa cherehani. Akasaini, tena kwa mwandiko wa kuonekana. Shemeji naye alipopigiwa simu alidai zile CD alipewa kabisa, na kwamba kama tunaanza kudaiana, yeye anataka kava la harusi yake. Nimemwandika, na dai lake nimeliandika mstari wa chini. Kitabu cha haki hakina upande mmoja.

Kwa hiyo msomaji mwenye kabati la aina hii, usije ukaniuliza tena programu ipi ni bora. Kama gemu zako zina boksi na bakodi, tumia hizo za kusoma kwa kamera, zitakuokolea muda. Kama unataka kuuza, angalia kwanza bei sokoni, usije ukatoa kwa bei ya maandazi kitu ambacho mtu anakisaka. Kama zako ni za kuchomwa uchochoroni kama zangu, SYSTEM.CNF itakwambia ukweli usioandikwa juu. Na chochote utakachochagua, hakikisha kina mlango wa kutokea: orodha yako uweze kuitoa nzima kama faili la kawaida, kwa sababu kampuni ya programu inaweza kufunga au kupandisha ada, ukajikuta unaanza upya na bakodi ya kwanza. Mimi jedwali langu lenye namba za SLUS na SLES liko kwenye flashi, kwenye lile boksi la viatu. Mpwa anaipenda flashi hiyo, kwa hiyo nayo imeandikwa kwenye kaunta buku, na amesaini.

Na wewe uliyechukua God of War ya pili, ile ya mwaka 2007, ukasema unaenda tu kuangalia kama inasoma: jina lako liko ukurasa wa kwanza, safu ya sahihi iko wazi, na katibu wa kikoba anapajua kwenu. Riba inahesabiwa.